Neno Refu katika Safu Nyembamba: Juu ya Mkato wa Maneno ya Kiswahili katika Majedwali ya Tovuti

Habari nyingi ziwahusuzo wakazi wa Kinondoni na Temeke siku hizi huwafikia katika umbo la jedwali, na jedwali hilo husomwa katika kioo cha simu: matokeo ya mitihani, orodha za kata na mitaa, hesabu za kura, majina ya walioitwa kwenye usaili, ratiba za mgawo wa maji. Jedwali la karatasi lilikuwa na upana mmoja usiobadilika, na mpiga chapa aliujua upana huo kabla ya kupanga herufi ya kwanza. Jedwali la tovuti halina upana wake lenyewe. Mbele ya kompyuta ya ofisi hutanuka, mkononi mwa abiria wa daladala ya Mbagala hujikunja, na kila linapotanuka au kujikunja safu zake hazina budi kugawana upya nafasi iliyopo. Katika kugawana huko ndipo neno refu huleta matata.

Jambo hili limezoeleka kuachiwa mafundi wa tovuti, kana kwamba ni la urembo tu. Lakini swali lililo ndani yake ni la lugha: je, neno la Kiswahili laweza kukatwa wapi? Fundi asiyepewa jibu na wajuzi wa lugha hutumia jibu lililotungwa kwa ajili ya lugha nyingine, na matokeo yake, kama itakavyoonyeshwa, si mistari mibaya tu bali mara nyingine ni maana iliyopinduka.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi kivinjari kinavyopima safu. Taratibu za kupanga majedwali ya tovuti ziliandikwa na Dave Raggett katika waraka uliotolewa Mei 1996. Kanuni za mtindo ziitwazo CSS, ambazo Håkon Wium Lie alizipendekeza Oktoba 1994, zikaja kuyatawala majedwali hayo katika toleo lake la pili la Mei 1998. Kwa utaratibu wa kawaida, kivinjari husoma visanduku vyote vya safu na kutafuta vipimo viwili. Kipimo cha juu ni upana ambao safu ingeutaka kama maandishi yake yote yangekaa katika mstari mmoja. Kipimo cha chini ni upana wa kipande kirefu kuliko vyote kisichoweza kukatika, na kwa kawaida kipande hicho ni neno moja. Safu haitasinyaa chini ya kipimo hicho hata skrini iwe nyembamba namna gani. Jumla ya vipimo vya chini ikizidi upana wa skrini, jedwali humwagika nje ya ukurasa, na msomaji huona nusu yake.

Chukua mfano wa jedwali la kura za kata, lenye safu nne: Kata, Waliojiandikisha, Waliopiga kura, Kura zilizokataliwa. Simu nyingi huhesabiwa kuwa na upana wa vipimo 360 hivi katika hesabu za CSS, na herufi moja ya ukubwa wa kawaida huchukua, kwa kadirio, vipimo 8. Neno «Waliojiandikisha» lina herufi 16, basi lataka 128. «Waliopiga kura» lakatika penye nafasi, na sehemu yake ndefu ina herufi 9, yaani 72. «Zilizokataliwa» lina herufi 14, yaani 112. Katika safu ya kwanza, ikiwa kata ya Mwananyamala imo, herufi zake 12 zataka 96. Jumla ni 408. Ongeza ukingo wa vipimo 8 kila upande wa kila kisanduku, ambao jumla yake ni 64, hesabu yafika 472. Jedwali la safu nne tu limeshindwa kuingia katika simu, na hali chini ya vichwa hivyo vikubwa mna tarakimu nne au tano! Si takwimu zilizoijaza nafasi, ni sarufi ya vichwa vyake. Na karani apendaye kuandika vichwa vyote kwa herufi kubwa huzidisha msiba, kwa kuwa herufi kubwa ni pana kuliko ndogo.

Sababu ya urefu huo haihitaji maelezo marefu kwa wasomaji wa lugha za Kibantu. Kiswahili huandikwa kwa kuunganisha: kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha urejeshi, cha mtendwa na shina la kitenzi huwekwa pamoja katika neno moja. Uamuzi huo haukuwa wa lazima kwa asili ya lugha. Kitswana, ambacho muundo wake wa kitenzi hauko mbali na wa Kiswahili, huandikwa kwa kutenganisha. Mtu husema «ke a mo rata», maneno manne, pale ambapo Mzulu huandika «ngiyamthanda» na Mswahili «nampenda». Jedwali la Kitswana hupata mahali pa kukatika kila baada ya herufi mbili tatu. Jedwali la Kiswahili hungoja mpaka mwisho wa neno zima. Haifuati kwamba tahajia ibadilishwe kwa ajili ya simu, wala hakuna mwenye busara atakayelitaka hilo. Lililopo ni kwamba lugha iliyochagua kuunganisha yapaswa pia kusema neno lililounganishwa laweza kufunguliwa wapi haja inapotokea.

Mafundi wana dawa zao. Ya kwanza ni kuliamuru jedwali lisipime maandishi hata kidogo, kwa amri ya table-layout yenye thamani ya fixed, pamoja na kulitajia jedwali upana wake. Hapo safu nne hugawana 360 sawasawa, 90 kwa kila moja, na baada ya ukingo hubaki 74, yaani herufi 9. Ukurasa hutulia, lakini «Waliojiandikisha» halijapungua: herufi zake za mwisho hutoka katika kisanduku chake na kuandikwa juu ya kisanduku cha jirani. Dawa ya pili ni kuliweka jedwali ndani ya fremu iwezayo kusukumwa kushoto na kulia kwa kidole. Hii ni njia ya heshima na haiharibu neno lolote, ila msomaji akisukuma kutafuta kura zilizokataliwa hupoteza jina la kata, isipokuwa safu ya kwanza iwe imegandishwa mahali pake. Kwa majedwali makubwa mno njia hii haina mbadala.

Dawa mbili zilizobaki ndizo zigusazo lugha yenyewe, nazo zataka kuangaliwa kwa kituo.

Moja ni kufyeka. Maandishi huzuiwa yasishuke mstari, kinachozidi hufichwa, na mwishoni huwekwa nukta tatu kwa amri ya text-overflow. Katika kurasa za Kiingereza njia hii haiudhi sana, na sababu yake ni mpangilio wa maneno wa lugha hiyo: kipambanuzi hutangulia, jina la jumla hufuata. Orodha ya ofisi za kata ikiandikwa kwa Kiingereza huanza na jina la kata, na kinachofyekwa mwishoni ni neno «ofisi», ambalo kila mtu analijua. Kiswahili hufanya kinyume. Jina la jumla ndilo litangulialo, na kila sifa ifuatayo hulipunguza eneo lake mpaka kufikia kitu chenyewe. Basi orodha ya Temeke ikiwa na «Ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Makangarawe», «Ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Toangoma», na «Ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Kibondemaji», safu nyembamba itazigeuza zote kuwa «Ofisi ya Mtendaji…», mstari baada ya mstari, kama mtu anayegugumia. Kilichofyekwa ndicho kilichotafutwa. Hata jina la kata lenyewe haliokoki: Mbagala na Mbagala Kuu ni kata mbili, na «Mbagala…» haimwambii mtu aende ofisi gani. Kwa mtumiaji wa kompyuta huwekwa maelezo yanayojitokeza kipanya kikitua juu ya neno. Simu haina kipanya.

Dawa ya kufyeka kwa hiyo haifai kwa Kiswahili, na yapasa kuachwa katika safu yoyote inayobeba jina au uamuzi. Ponyo la orodha kama hii li mikononi mwa mwandishi, halihitaji amri yoyote: maneno yanayorudiwa yapandishwe katika kichwa cha jedwali, «Ofisi za Watendaji wa Kata», na visanduku vibaki na majina peke yake. Inashangaza jinsi jambo jepesi hivi lisivyofanywa.

Dawa ya mwisho ni kukata neno popote. Hapa pana amri mbili zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa kazi, nazo zimewapotosha wengi. Amri ya overflow-wrap, ambayo zamani iliitwa word-wrap, yaweza kupewa thamani ya break-word au ya anywhere. Zote mbili huruhusu neno lisiloenea kukatwa kati ya herufi yoyote na nyingine. Tofauti yake ni hii: break-word haihesabiwi wakati wa kupima kipimo cha chini, basi katika jedwali linalojipima lenyewe safu hubaki pana vilevile, na fundi hujiuliza kwa nini amri yake haikutii. Thamani ya anywhere huhesabiwa. Kipimo cha chini hushuka hadi upana wa herufi moja, na safu iliyo baina ya jirani wakubwa yaweza kubanwa hata neno lisimame wima, herufi chini ya herufi.

Wala hilo silo baya kuliko yote. Mkato wa namna hii hauweki kistari. Neno hukatika kimya, na msomaji hana alama ya kumwonya kwamba kilichoko mwanzo wa mstari wa pili ni mkia wa kilichoko mwisho wa mstari wa kwanza. Katika Kiswahili hatari hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa viambishi vyake vya mwanzo mara nyingi hufanana na maneno kamili. Kanusho la nafsi ya tatu wingi, hawa-, lafanana na kionyeshi «hawa». Katika ngeli nyingine haya- lafanana na «haya», na hali- lafanana na jina «hali». Hata- ya umoja ni sawa na kiunganishi «hata», na sita- ya nafsi ya kwanza ni hesabu sita. Wali- ya wakati uliopita ni wali wa chakula.

Fikiri basi sentensi hii katika safu ya maelezo: «Wakazi wa mtaa huo hawatalipwa fidia.» Neno likikatwa baada ya herufi nne, mstari wa kwanza huishia «wakazi wa mtaa huo hawa», nao wa pili huanza «talipwa fidia». Msomaji wa haraka hukamilisha kwa akili yake kiambishi anachodhani kimedondoka, na husoma kwamba hawa watalipwa. Kanusho limegeuka kionyeshi, na habari imekuwa kinyume chake. Hayo si mambo ya kubuniwa kwa mzaha katika jiji hili. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya wakazi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, na tangu wakati huo suala la nani ahame, nani apewe kiwanja na nani alipwe limerudi mara kwa mara katika maeneo ya mabondeni. Mambo ya namna hiyo huamuliwa kwa orodha. Orodha iliyokatwa vibaya mbele ya mtu anayetafuta jina lake ni jambo zito.

Yataka basi kanuni. Wapiga chapa wa magazeti ya zamani, tangu Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, walikata maneno katika safu zao nyembamba kila siku, na aliyekuwa na sikio la lugha alikata vyema bila kuulizwa. Kompyuta haina sikio, lakini yaweza kufunzwa, na kwa bahati njema silabi ya Kiswahili ni katika zilizo nyepesi kufunzika. Katika maneno ya asili ya Kibantu kila silabi huishia kwa irabu, isipokuwa pale m au n inapokuwa silabi peke yake. Kwa hiyo kanuni moja yatosha kwa sehemu kubwa ya msamiati: neno likatwe baada ya irabu na kabla ya konsonanti, wala lisikatwe penginepo. Kanuni hiyo, bila nyongeza yoyote, huzilinda sh, ch, th, dh, gh na ny zisitenganishwe, na huziacha pamoja mb, nd, nj, ng, nz na mv, ambazo mkono uliozoea Kiingereza hupenda kuzipasua. Ni Ki-bo-nde-ma-ji, si Kibon-demaji. Ni Ma-ka-nga-ra-we, si Makan-garawe.

Suala la m iliyo silabi, ambalo limewasumbua wanafonolojia, hapa halisumbui. Herufi ya kwanza ya «mbunge» ni silabi kamili, na ya «mbuga» siyo; mashine haiwezi kujua tofauti hiyo kwa kutazama maandishi. Lakini haina haja ya kujua, maadamu imekatazwa kuacha herufi moja peke yake mwanzoni mwa neno. Katikati ya kitenzi pia kanuni yatoa jibu zuri: «aliyemteua» hukatwa «aliye-mteua», na kiambishi cha mtendwa hubaki na kitenzi chake.

Irabu mbili zikikutana ni mpaka wa silabi vilevile, lakini jicho halipendi mstari uanzao kwa irabu iliyong'olewa katikati ya shina. «Maendele-o» ni kosa hata kama silabi zimehesabiwa sawasawa, na «halmasha-uri» si bora. Heri mkato baina ya irabu uruhusiwe mahali kiambishi kinapokoma tu, kama katika «walio-andikwa», na pengine popote ukatazwe. Hali kadhalika yafaa neno lenye herufi chini ya nane lisikatwe kabisa, na kila upande wa mkato zibaki herufi tatu au zaidi.

Maneno ya mkopo ndiyo yenye mjadala. Katika «labda», «maktaba», «rasmi», «tafsiri» na «halmashauri» zimekutana konsonanti mbili zisizoanza silabi ya Kibantu. Kanuni ya irabu ikifuatwa bila huruma itatoa «ma-ktaba» na «ha-lmashauri». Wako wanaoitetea hali hiyo kwa kusema kwamba silabi ya Kiswahili haifungwi kamwe. Hoja hiyo ina nguvu katika nadharia, lakini msomaji anayeanza mstari kwa «lmashauri» hajui aanze wapi kutamka. «Mak-taba» na «hal-mashauri» zafaa zaidi, na neno halmashauri hutokea katika majedwali ya serikali mara nyingi mno hata haliwezi kuachwa likatwe kwa bahati. Ugumu halisi uko katika st. Katika «wanaostahili» st ni mwanzo wa shina, na mkato ni «wanao-stahili». Katika «mustakabali» wengi wangekata «mus-takabali». Katika «desturi» wajuzi wenyewe hawapatani. Maneno ya jamaa hii si mengi, na orodha yake yaweza kutungwa na kukubaliwa katika kikao kimoja.

Lakini silabi peke yake haitoshi, kwa sababu silabi haijui maana. Rudi kwenye kichwa kilichotangulia kutajwa. Kwa kanuni ya silabi «Waliojiandikisha» laweza kukatwa «Waliojiandi-kisha», na mstari wa pili utasomeka «kisha», kana kwamba kuna jambo litakalofuata. Laweza pia kukatwa «Wali-ojiandikisha», kama kanuni ya irabu mbili isingelizuia. Mahali pazuri ni baada ya kirejeshi, «Walio-jiandikisha», ambapo viambishi vya sarufi hubaki juu na shina lenye maana hushuka zima. Vivyo hivyo «zilizo-kataliwa», «wanao-tarajiwa», «yaliyo-thibitishwa». Katika kanusho mkato usogezwe mbele mpaka uvuke alama ya wakati: «hawata-lipwa», «hayata-lipwa», kwa kuwa hawata- na hayata- si maneno na hayawezi kumdanganya mtu. «Hatalipwa» halina mahali salama, maana kipande chake cha kwanza ni «hata» na cha mwisho ni «pwa». Basi na liachwe zima, herufi zake ni 9 tu.

Faida ya mikato hiyo yaweza kuhesabiwa. «Waliojiandikisha» likikatwa baada ya kirejeshi, kipande kirefu ni «jiandikisha», herufi 11, vipimo 88 badala ya 128. «Zilizokataliwa» hubaki na «kataliwa», herufi 8, vipimo 64 badala ya 112. Pamoja na 72 za «Waliopiga» na 96 za Mwananyamala jumla ni 320. Ukingo ukipunguzwa kutoka 8 hadi 4 kila upande, jedwali zima huwa na upana wa 352 na kuingia katika simu ya 360 bila kufyeka neno, bila kulisukuma, na bila kupunguza ukubwa wa herufi kwa wenye macho dhaifu. Jina la kata halikuguswa. Hivyo ndivyo inavyopasa: majina ya mahali na ya watu yawe ya mwisho kukatwa. Ikilazimu, sikio la msomaji hupata maneno mawili katika Toangoma, Kibondemaji na Mwananyamala, na mkato ufuate sikio hilo.

Njia za kuiambia mashine mambo haya ni mbili. Ya kwanza ni kutia kistari fiche, alama yenye namba 00AD katika Unicode, ambayo haionekani mpaka neno linapohitaji kukatika mahali hapo. Ndipo kistari hutokea. Kivinjari hukihesabu kistari fiche kinapopima kipimo cha chini, basi safu husinyaa kweli. Kwa vichwa vya safu, ambavyo ni vichache na huandikwa mara moja, hii ndiyo njia iliyo bora na haihitaji kungoja mtu. Isitumiwe katika majina ya watu: anayelinakili jina kutoka katika jedwali hulinakili pamoja na alama zilizofichwa ndani yake, na orodha mbili zikija kulinganishwa jina moja litahesabiwa kuwa mawili.

Ya pili ni kukiachia kivinjari kikate chenyewe, kwa amri ya hyphens yenye thamani ya auto. Amri hii yadai vitu viwili. Chadaiwa kwanza kitambulisho cha lugha katika ukurasa, na cha Kiswahili ni sw. Kurasa nyingi za Kiswahili hujengwa juu ya violezo vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na hubaki zikijitangaza kuwa za Kiingereza. Mashine hutii ilivyoambiwa, na yaweza kulikata neno «wananchi» kati ya n na ch kana kwamba limezaliwa London. Pili yadaiwa ruwaza za mkato za lugha hiyo ziwemo ndani ya kivinjari. Zisipokuwamo, neno halikatwi. Ruwaza za namna hiyo kwa kawaida hufuata mbinu ya Franklin Liang, aliyeitunga katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1983 kwa ajili ya programu ya kupanga vitabu ya Donald Knuth. Kiingereza, kwa fujo ya tahajia yake, kilihitaji ruwaza 4,447. Kiswahili kina irabu 5 na herufi za konsonanti 19, na kanuni ya irabu iliyoelezwa hapa yaweza kuandikwa kwa jozi 95, kisha zikaongezwa ruwaza za mikopo, za virejeshi na za makanusho. Mwanafunzi mmoja mwenye msimamizi makini angeimaliza kazi hiyo katika muhula.

Kazi hiyo yahitaji mamlaka kuliko inavyohitaji jasho. Tahajia ya Kiswahili sanifu haikuenea kwa kuwa ilikuwa nzuri tu. Ilienea kwa sababu Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 iliisimamia katika vitabu vya shule. Kamati hiyo iliingizwa katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam, mwaka 1964, na mrithi wake leo ni TATAKI. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu 1967. Vyombo hivyo vimetoa kamusi na istilahi, na orodha ya mikato ya maneno ni ndugu wa kazi hizo. Isipotolewa na vyombo vya lugha itatolewa na kampuni ya programu, nayo itaingia katika kila simu kabla mtu hajapata nafasi ya kuuliza.

Liko jambo moja la kinyume, yaani mahali ambapo maandishi hayapasi kukatika ingawa mashine hupaona panafaa. Katika matokeo ya mitihani ni desturi kuandika somo, kistari, kisha daraja, masomo yote mfululizo katika kisanduku kimoja: «Kiswahili - B, Hisabati - C, Uraia - A». Kila penye nafasi pana ruhusa ya kukata. Safu ikibanwa, mstari huweza kuishia «Hisabati -» na unaofuata ukaanza «C, Uraia - A». Mzazi wa Tandika asomaye haraka aona C imetangulia Uraia. Tiba ni kuweka nafasi isiyokatika, namba 00A0 katika Unicode, baina ya somo na daraja lake, na kuacha nafasi ya kawaida baada ya mkato wa koma peke yake. Vivyo hivyo kwa fedha, tarehe na uzito: «Sh. 5,000» isikatwe baada ya nukta, wala «kilo 50» isiachwe na kilo juu na hamsini chini.

Na mwisho kuna king'ong'o. Kata ya Chang'ombe ina alama ya ritifaa katikati ya jina lake, na mashine zisizojua Kiswahili huidhania ritifaa hiyo kuwa mwisho wa neno au alama ya kunukuu. Zikikata huelekea kutoa «Chang'-ombe», ambapo king'ong'o kimefunga silabi ya kwanza, jambo lisilowezekana katika lugha hii. Silabi zake ni Cha-ng'o-mbe. Ruwaza za Kiswahili zitakazotungwa hazina budi kuihesabu ng' kama konsonanti moja pamoja na ritifaa yake, na kuihesabu hivyo katika sura zote mbili ambazo waandishi huichapa, iliyonyooka na iliyopinda, kwa kuwa katika hesabu za mashine hizo ni alama mbili mbalimbali, moja ikiwa 0027 na nyingine 2019.